Deni la mafuta lililofika milioni

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtoto wa darasa la kwanza na la pili afundishwe mamoja, makumi na mamia kwa vijiti au kwa simu? Mimi nilitaka kujibu kwa neno moja tu: hela. Mtoto aliyekulia dukani vijiti vya nini?

Ila ngojeni niwaambie ya daftari la madeni. Mwaka jana mjukuu wangu, yuko darasa la pili, alinishikia duka niswali alasiri. Jirani akaja kukopa mafuta ya kupima. "Niandikie elfu moja na mia mbili." Narudi, nakuta mwandiko safi kabisa: 1000200. Milioni moja na mia mbili! Kwa mafuta ya kukaangia dagaa! Nikamfokea kwamba shuleni anakwenda kusinzia. Akaweka kidole kwenye tarakimu: "Bibi, hii si elfu moja? Na hii si mia mbili?" Kweli tupu. Kaandika alichosikia. Nikamwambia andika ishirini na nne. Akaandika 204.

Nikamwaga hela za droo mezani, hapo ndipo penye ufundi wangu. Nikamtengea noti ya elfu na sarafu ya mia mbili. "Ngapi hizi?" "Mbili." Nikakwama. Sarafu ya mia mbili ni moja, zile mia zake huzioni, na ya mia tano nayo ni moja vilevile. Hela inamtaka anayejua tayari.

Tukahamia njiti za kiberiti. Kumi kumi, nikafunga kwa uzi: mafungu mawili, njiti nne nje. Akaandika 2, akasita, akaandika 4. "Bibi, sifuri ya ishirini imekwenda wapi?" Nikamwambia nne imekalia kiti chake. Mia tuliifikia kwa kufunga mafungu kumi pamoja. Elfu sikuthubutu, viberiti ni vya kuuza.

Basi nihesabuni upande wa vijiti, nilivyokuja kuvicheka. Lakini mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kukagua mafungu ya kila mmoja, na hela bado nasema zina kazi yake, baadaye. Simu siisemei, yangu ni kitochi.

Jirani alilipa 1,200 yake. Ule mstari sijaufuta, na kila akija kukopa anaomba auone.