Mwaka wa kwanza wa informatika: maswali yenu kutoka Lubumbashi

Wiki hizi za mwanzo wa mwaka wanafunzi wapya wameuliza mengi. Nimechukua yale yanayorudi kwa wengi, na pale palipo na jambo la kuchimba nimejibu kwa urefu.

Mwalimu, nimenunua disiki ya nje ya giga 500. Kwenye kompyuta inaonyesha 465. Muuzaji amenila? (Mwanafunzi, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Hapana. Kiwandani giga moja ni baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu giga moja kuwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Gawanya bilioni 500 kwa namba hiyo, utapata 465 na kitu. Hakuna kilichoibwa. Wizi wa kweli uko kwenye flashi za bei ya chini mno zinazojitangaza kuwa na giga mamia: zinapokea faili zote bila kulalamika, kisha za mwisho hazifunguki. Ukinunua flashi, ijaze hadi mwisho, halafu fungua faili ulizoweka mwishoni.

Yaya, sina kompyuta. Nina simu ya Android tu, na chuoni tunakaa wanne kwa mashini moja. Nitajifunza namna gani? (Mwanafunzi wa kike, Katuba)

Dada yangu, swali lako ndilo la wengi, basi tulitulie. Kwanza, simu yako inatosha kuanzia. Iko programu inayoitwa Pydroid 3. Ukishaipakua, unaandika na kuendesha Python, lugha ya kuandikia programu, bila intaneti. Kioo ni kidogo na vidole vitachoka, lakini mazoezi ya miezi ya kwanza mara nyingi hayazidi mistari thelathini.

Pili, na hili nalishikilia kuliko yote: karatasi. Chukua mistari hii:

akiba = 0
for siku in range(1, 6):
    akiba = akiba + siku * 500
print(akiba)

Usiiendeshe bado. Chora safu mbili, moja ya siku, nyingine ya akiba, ujaze mstari kwa mstari kama vile wewe ndiye mashini. Siku ya 1 akiba ni 500, siku ya 2 ni 1,500, unaendelea hivyo. Andika jibu lako la mwisho, ndipo uendeshe. Wengi huandika 10,500, kwa sababu wamehesabu siku sita. Python inasimama kabla ya 6, kwa hiyo jibu ni 7,500. Ukikosea hapo umefaidika sana: umegundua mahali hasa ambapo wazo lako na kazi ya mashini vinaachana, na hutasahau. Anayebonyeza tu na kuona 7,500 hajagundua lolote.

Na mkiwa wanne kwa mashini moja, yule asiyefikia kibodi awe na daftari, atabiri kabla mwenzake hajabonyeza. Lakini omba pia zamu yako ya kuandika. Naona mara nyingi wasichana wanaachiwa kutazama tu. Usikubali.

Programu yangu inajumlisha bei ya bunga na ya chumvi: 2500 na 500. Inanipa 2500500! (Mwanafunzi, Ruashi)

Amri ya input inaleta maandishi, hata ukiandika tarakimu. Maandishi mawili yakijumlishwa yanaunganishwa tu. Igeuze kila bei kuwa namba kwa int kabla ya kujumlisha.

Kuna mtego mwingine wa namna hiyo unaotupata sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Shuleni tunaandika wastani 12,5 kwa koma. Ukiandika wastani = 12,5 katika Python, haitalalamika hata kidogo; itashika namba mbili pamoja, 12 na 5. Ukizidisha kwa 2 itakupa (12, 5, 12, 5). Namba yenye sehemu inaandikwa kwa nukta: 12.5. Kosa lisilopiga kelele ni baya kuliko lile linalosimamisha programu.

Tumeanza na lugha C. Alama ya { siioni, nabonyeza kila kitu. (Mwanafunzi, Kampemba)

Lugha ya C ilitungwa Marekani, na kwenye kibodi za kule alama hiyo iko karibu na P. Kibodi zetu nyingi ni za AZERTY (herufi zake za juu zinaanza na A, Z, E, R, T, Y), nazo ni za aina mbili. Ile ya Ufaransa: shika AltGr, bonyeza 4; kufunga ni AltGr na kitufe cha =. Ile ya Ubelgiji: AltGr na 9, kufunga AltGr na 0. Kompyuta za mtumba huchanganya, kitufe kinasema hivi na Windows imepangwa vile. Rekebisha lugha ya kibodi kwenye mipangilio. Ukikwama kabisa na una namba za pembeni, shika Alt uandike 123, kisha 125 kwa kufunga.

Sekondari nilisoma pedagogie (ualimu), si math-physique (hesabu na fizikia). Nimechagua vibaya? (Kamalondo)

Hujachagua vibaya. Mwaka wa kwanza unadai kujumlisha, kugawanya na kujua mabaki, na uvumilivu wa kupanga hatua. Aliyefundishwa kuandaa somo hatua kwa hatua ana kitu mkononi. Hesabu za juu zitakuja, hasa mantiki na takwimu. Anza kuzisoma mapema na mwenzako wa math-physique.

Umeme ukikatika napoteza kazi yote. (Bel-Air)

Unachoandika kinakaa kwanza kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukiondoka. Bonyeza Ctrl na S kuhifadhi kila baada ya mistari michache, na jioni nakala moja kwenye flashi.

Wenzangu wanaipa ChatGPT mazoezi yote na wanapata pointi. Mimi nahangaika. (Katuba)

Endelea kuhangaika, lakini si usiku kucha. Jipe saa nzima na zoezi. Ikishindikana, itumie kwa swali dogo: iulize ujumbe huu wa kosa una maana gani, si "nifanyie". Kisha ifunge, uandike upya bila kutazama. Mtihani wa karatasi ukifika, wao watakuwa na kalamu tu, kama wewe.