Mwalimu, Amin alikuwa mzalendo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi kutoka Bukoba, nasoma chuo Kampala. Ninayekaa naye chumba kimoja ni mwenyeji wa Arua. Babu yake alikuwa dereva jeshini, na hadi leo anasema Idi Amin ndiye aliyewarudishia Waafrika uchumi wao na kuanzisha shirika la ndege, na kwamba mabaya yake yalizushwa na Wazungu na Nyerere. Mimi nimekulia kwenye habari za vita vya Kagera. Tumegombana, sasa hatusalimiani. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza ujue nimesimama wapi. Nimezaliwa Missenyi, kaskazini ya mto Kagera, kwenye ardhi ambayo Amin aliitangaza kuwa ya Uganda mwishoni mwa 1978. Daraja la Kyaka lilipolipuliwa, walionaswa upande wetu walikosa pa kuvukia. Tuliporudi baada ya vita, nyumba ya baba ilikuwa kuta tupu. Mabati yamechomolewa moja moja, hata misumari haikuachwa. Ng'ombe ndiyo usiseme. Kwa hiyo usitarajie nimjadili Amin kama habari za nchi ya mbali.

Hata hivyo rafiki yako hasemi uongo mtupu. Amin alipompindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Kampala ilishangilia kweli. Aliwafungua wafungwa wa kisiasa, akaurudisha mwili wa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kutoka Uingereza ukazikwa kwao. Shirika la ndege lilianzishwa 1976, wakati wake. Na manung'uniko kwamba biashara imeshikwa na watu wachache hayakubuniwa na Amin, yalikuwepo tangu ukoloni.

Ila hilo la kuwarudishia Waafrika uchumi silikubali hata kidogo. Agosti 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke. Maduka yao yakagawiwa, na maofisa wa jeshi na jamaa zao wakawa mbele kupokea. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadorora mpaka vikakaribia kusimama kabisa, sukari na sabuni zikawa za magendo. Kisha tazama mkulima wa kahawa. Baridi kali iliua mibuni Brazil 1975, bei ya dunia ikapanda mno, lakini yeye serikali ikamlipa kiduchu. Wengi wakaona heri wavushe magunia kwa magendo kwenda Chepkube, upande wa Kenya. Huyo ndiye Mwafrika niliyetegemea kumwona akitajirika.

Kipimo changu kikubwa ni mahakama. Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alifungwa na serikali ya Obote. Amin akamfungua, akamfanya Jaji Mkuu. Mwaka 1972 Kiwanuka aliamuru Mwingereza mmoja aliyeshikiliwa kinyume cha sheria aachiliwe. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu mchana kweupe, wakamchukua Jaji Mkuu ofisini kwake. Familia yake haikupata hata mwili wa kuzika. Baada ya hapo raia wa kawaida angekwenda kushtaki wapi? Ndiyo maana Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa pamoja na mawaziri wawili, serikali iliweza kutangaza kuwa ni ajali ya gari, na hapakuwa na wa kuihoji.

Makadirio ya waliouawa huanzia 80,000 hadi 300,000, na wapo wanaotaja zaidi. Rafiki yako akisema idadi imetiwa chumvi, usibishane naye juu ya idadi. Mtajie Kiwanuka na Luwum. Mtajie pia Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliyechukuliwa mwaka huo huo wa 1972 asionekane tena. Na kuhusu Wazungu, Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuitambua serikali ya Amin. Nyerere ndiye aliyekataa.

Sasa nikuambie lile ambalo sisi watu wa Kagera hatupendi kulisikia. Majeshi yetu yalipoingia Uganda, miji ya Masaka na Mbarara ilibomolewa vibaya, na humo waliishi raia waliokuwa wamemchoka Amin kama sisi. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, kisasi kiliwaangukia watu wa West Nile, eneo la kina Arua, kwa sababu tu Amin alitoka kwao. Juni 1981, wanajeshi wa serikali mpya waliwaua raia waliojihifadhi kwenye misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Mzee aliyepita humo, kila asikiapo Amin akilaaniwa, huona kabila lake zima linashtakiwa upya. Yawezekana babu wa mwenzako anajitetea yeye na wanawe zaidi ya kumtetea Amin. Mimi siwezi kumwita Amin mzalendo, lakini huyo mzee siwezi kumlaumu kwa kuwa mtu wa Arua.

Basi msalimie mwenzako leo. Likizo ikifika, mwombe akupeleke Arua umsikilize babu yake mwenyewe, hata kama atasema usiyoyapenda. Naye mkaribishe aje Missenyi. Wazee wangu wapo, watampokea.