Saa 5 hazitoshi

Ndugu, umeuliza kama kucheza Civilization VI kwa saa 5 kunatosha kuandika uhakiki. Hapana. Mchezo huo wa kompyuta wa 2016, wa kujenga himaya kwa zamu, huonyesha udhaifu wake mwishoni, miji ikishakuwa mingi na kila zamu ikaanza kuburuta. Umalize angalau mara mbili, kwanza kwa ushindi wa kivita, kisha wa kisayansi, uone kama kompyuta inakupa upinzani wa kweli au inabebwa na nyongeza za bure inazopewa na mchezo.

Michezo ya visa na mafumbo ni habari nyingine. Cheza mara moja bila kuchungulia majibu, uandike ulipokwama na kwa nini. The Secret of Monkey Island ya 1990 karibu haikuui kabisa (labda ukae chini ya maji dakika 10!), kwa hiyo unajaribu lolote bila hofu. Hilo mweleze msomaji. Jibu la fumbo muachie mwenyewe.