Mashine pepe ikiganda baada ya snapshoti, usikimbilie kuizima

Mashine pepe ni kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya seva, na snapshoti ni picha ya hali yake ya wakati huo, ili uweze kuirudia mambo yakiharibika. Juzi mdogo wangu wa kazi, anayetunza seva ya depo moja ya dawa huku Kamalondo, Lubumbashi, aliniandikia: "Yaya, nimepiga snapshoti, mashine haijibu tena. Niizime?" Nikamwambia asiguse kitu. Baada ya muda mfupi faktire (ankara) zikaanza kutoka upya na hakuna hata moja iliyopotea. Najivunia kazi ile.

Kilichomchanganya ni kwamba pingi (jaribio la kuona kama mashine inafikika kwenye mtandao) ilikuwa inajibu vizuri, ila ukiingiza jina na neno la siri, skrini inabaki vilevile. Dalili hiyo naijua. Proxmox, programu inayoendesha mashine pepe, ikipiga snapshoti huiomba programu ya wakala iliyo ndani ya mashine isimamishe kwanza uandishi kwenye diski, kisha iuruhusu tena. Ruhusa isipofika, kila kinachotaka kuandika kinasubiri, hata kuingia kwako, maana nako kunaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Akaandika kwenye seva mama, ile inayobeba mashine pepe, `qm guest cmd 104 fsfreeze-status` (104 ni namba ya mashine). Jibu likaja: frozen, yaani uandishi umegandishwa. Akaandika `qm guest cmd 104 fsfreeze-thaw`, mashine ikapumua.

Mimi sikupewa nafasi hiyo. Kuna patroni (bosi) mmoja hapa Lubumbashi nilimwomba asubiri. Tulikuwa tumepiga snapshoti pamoja na RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine), GB 16, juu ya diski za kuzunguka. Kwa MB 100 kwa sekunde, hiyo ni karibu dakika 3 za kuandika, na mashine inaweza kuonekana imenyamaza. Akaamuru izimwe. Hifadhidata ya mishahara ikaharibika, na mimi nikafukuzwa kama mwizi. Bado inaniuma.

Ndiyo maana nawasihi, wadogo zangu: kabla ya kuzima, angalieni. Uandishi umefungwa? RAM bado inaandikwa? Diski imejaa? Proxmox ikiandika io-error, mara nyingi nafasi imekwisha, na kuwasha upya hakuongezi hata MB moja. Angalieni kwanza, narudia.

Na acheni kurundika snapshoti kwa kuogopa kuran (umeme) kukatika. Snapshoti inakaa na mashine yake kwenye hifadhi ileile. Diski ikifa, vyote vinakwenda. Bekapu iwekeni kwenye diski nyingine. VMware, programu nyingine ya mashine pepe, inakubali mpaka snapshoti 32 kwa mnyororo, lakini yenyewe inashauri 2 au 3 tu, na moja isikae zaidi ya saa 72. Nimekuta watu wana za tangu mwaka jana, halafu wanalalamika mashine ni nzito!

Kuzifuta nako kunachosha diski, kwa sababu data inaunganishwa upya, na mashine inaweza kusimama kidogo mwishoni. Msifute wateja wakiwa wamepanga foleni. Subirini depo ifunge, hakikisheni jenereta ina mafuta, ndipo muanze na moja.