Kukwaruza viazi kwa mkono, na maji yanayoharibu chapati

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza chai na vitafunio asubuhi hapa Nyegezi, karibu na stendi. Wateja wamechoshwa na maandazi, nikaanza kuwajaribishia chapati za viazi mviringo vya kukwaruza, zile nyembamba zenye ukingo mkavu. Mashine sina, nina greta ya bati ya pande nne tu. Kabla sijamaliza nusu ya sado, viazi vimeshakuwa vya kijivu. Chapati zinamumunyuka kikaangoni, na vidole vyangu ni vidonda vitupu. Nidunduize hela ya mashine?

JIBU: Marahaba, mama. Hela ya mashine iache ilipo. Greta yako inatosha; kinachokusumbua ni maji ya kiazi, na hayo hata ukinunua mashine utayakuta palepale.

Vidole kwanza, maana huwezi kuuza chai na plasta mkononi. Tandaza kitambaa kibichi mezani, simamisha greta juu yake isiteleze. Tumia upande wenye matundu makubwa. Ule wa vijimiba vidogo uachie tangawizi, kwa sababu viazi unavigeuza uji. Chagua viazi vikubwa, menya, lakini acha ganda kidogo kwenye ncha moja, hapo ndipo pa kushikia. Laza kiazi kwa urefu wake, kisukume kwenda chini kwa kiganja, kisha kinyanyue na uanze tena juu. Ukisugua kwenda na kurudi kama anayefua kola ya shati, nyuzi zinakatika vipande vifupi na mkono unateleza. Kikibaki kipande cha ukubwa wa kidole gumba, simama hapo. Kipande hicho kitupie kwenye mchuzi wa sangara jioni, wala usikihurumie.

Kuna wanaotoboa kopo kwa msumari wakalitumia kama greta. Linafanya kazi, ila linatoa rojo, na kingo zake zina kutu. Mbuzi ya nazi isahau kabisa. Kama greta imekufa, kisu kikali kinatosha: kata vipande vyembamba kama vya michembe, vipange kimoja juu ya kingine, kisha vikate tena kwa urefu viwe kama njiti. Ni kazi ya nusu saa kwa kilo moja, lakini chapati yake inalia mdomoni.

Rangi ya kijivu inatokana na kimeng'enya kilichomo ndani ya kiazi. Ukikikwaruza, kinakutana na hewa na weusi unaanza. Kwa hiyo kwaruzia moja kwa moja ndani ya beseni la maji ya baridi, nyuzi zizame. Somo hili nililipata kwa aibu. Mwaka fulani nilipewa kazi ya chai ya asubuhi ya wageni wa harusi, Kirumba. Nikajiona mjanja, nikakwaruza ndoo nzima usiku na kuifunika bila maji. Alfajiri nafunua, nakuta kitu cha rangi ya maji ya kupigia deki. Wageni walikula mkate.

Sasa kukamua, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Karibu asilimia 80 ya kiazi ni maji. Chota nyuzi, ziweke kwenye kipande cha kanga ya pamba iliyochakaa na kufuliwa vizuri, kunja na usokote mpaka mikono ikuume. Pumzika, kisha sokota tena. Ukidhani umemaliza, mara ya tatu bado itatoa kijiko.

Maji yaliyobaki beseni usiyamwage haraka. Yaache dakika 10 hivi, kisha yainamishe taratibu. Chini utakuta tabaka jeupe, zito, limeshikamana kama chokaa iliyolowa. Huo ni wanga wa viazi. Ukwangue kwa kijiko uurudishe kwenye nyuzi, ndiyo gundi yako. Bila shaka ulikuwa unaumwaga, halafu unaongeza unga wa ngano kuziba pengo, na chapati inakuwa na ladha ya unga.

Kwa kilo moja ya viazi mimi hutia yai moja, kitunguu kimoja kilichokwaruzwa na kukamuliwa, na vijiko viwili vya chakula vya unga, basi. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, kikaango kikiwa tayari motoni, kwa sababu chumvi huvuta maji nje na ndani ya robo saa bakuli linaogelea tena. Kwa biashara yako, changanya kidogo kidogo, za wateja watano sita kwa mkupuo.

Mafuta ya alizeti yawe na kina cha nusu sentimita. Dondosha uzi mmoja wa kiazi: ukitoa povu papo hapo bila kuungua, weka. Bonyeza kwa mgongo wa kijiko mpaka iwe nyembamba, halafu iache. Usiichokoe. Ukingo ukishakuwa wa kahawia ndipo unageuza, mara moja tu. Kwenye jiko la mkaa, punguza makaa kidogo baada ya chapati mbili tatu za mwanzo, la sivyo nje inaungua na katikati kiazi ni kibichi.

Kama una friji, ipo njia ya Waswisi kwa chakula chao kiitwacho Rösti: wengi wao huchemsha viazi na maganda yake, wakavipoza kwenye baridi usiku kucha, ndipo wakavikwaruza. Haviwi vyeusi na hakuna kukamua. Visiive sana, kisu kiingie kwa kusitasita.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini nawajua wauza chai: hizi hazikai kwenye hotpoti. Mvuke unazilainisha ndani ya dakika chache. Zisimamishe kwenye chujio la waya bila kuzifunika, na ukiona foleni ya abiria, kaanga mteja akiwa anasubiri chai yake ipoe.