Maswali ya wasomaji: Ua wa ndani unaotuamisha maji

SWALI: Nyumba yetu ina ua wa ndani wa mita 4 kwa 5, vyumba pande zote, na bati zote zinamwaga humo. Mwaka jana fundi alitandika pevingi. Sasa mvua ikinyesha maji yanatuama katikati, na lipu ya ukuta wa jikoni inameguka kwa chini. Fundi anataka amwage zege juu ya pevingi apandishe usawa. Tumruhusu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Msimruhusu. Zege hilo litayaingiza maji vyumbani. Lipu ya jikoni inaelekea kusema kwamba ua tayari uko juu mno: umeivuka ile nailoni iliyolazwa kati ya msingi na ukuta, kwa hiyo ukuta unanyonya maji ubavuni. Hata upande wa juu kabisa, ua uwe sentimita 15 chini ya nailoni.

Ng'oeni vitofali vitano pale panapotuama. Mkikuta mchanga umechanganyika na tope, basi chini hakuna kokoto; udongo ukilowa unabonyea, pevingi zinatitia nao. Hapo hakuna kuziba viraka, ni kung'oa zote. Vitofali havipotei, vitasuguliwa na kurudishwa.

Chimbeni sentimita 19 chini ya usawa mpya: 10 za kokoto ndogo na changarawe, 3 za mchanga, 6 za kitofali. Mteremko ni sentimita 2 kila mita, kutoka jikoni kwenda kwenye chemba (kishimo cha kukusanyia maji kabla hayajaingia bombani), na uanzie kwenye udongo wenyewe. Mafundi wengi huutafuta kwa mchanga juu kwa juu. Pale mchanga ulipozidi ndipo patakapotitia kwanza. Pimeni usawa kwa mpira wa maji (mpira unaoonyesha ndani, uliojazwa maji), jicho hudanganya.

Kokoto zikishashindiliwa ni mita za ujazo 2, kwa hiyo agizeni 2.5, mshindilie kwa tabaka mbili. Vitofali vya sentimita 20 kwa 10 huenda 50 kila mita ya mraba: ni 1,000, na 50 vya kukata pembeni.

Sasa maji yenyewe. Mvua ya milimita 50 ni lita 50 kila mita ya mraba. Ua wenu peke yake unapata lita 1,000. Bati zikiwa mita za mraba 60, zinaongeza 3,000. Fungeni gata, za bati ziende tangini. Zinazobaki zitoke kwa bomba la inchi 4, na chini ya mdomo wake chemba iwe na kina cha sentimita 20 cha kunasa mchanga. Msiliunganishe na shimo la choo, mtalijaza kwa mvua moja.

Lipu bomoeni hadi nusu mita juu ya palipolowa, mwache ukuta ukauke kabisa. Rangi ya mafuta inaficha tu. Unyevu utapanda juu yake.

SWALI: Naweza kupanda mwembe katikati ya ua kama huo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana, utanyanyua pevingi na kufunika hewa yote. Lamu ua huu huitwa kiwanda, na kazi yake ni kuvipa vyumba mwanga na upepo. Panda mkomamanga, uuachie shimo la sentimita 80 kwa 80 lisilotandikwa kitu. Asumini inatosha kwenye chungu.