Baba ana kansa ya koo, tumnyime sukari na maziwa?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni wa Morogoro ila kwa sasa tupo kwa dada yangu Mbagala, baba amegundulika na kansa ya koo la chakula na ameshaanza mionzi hospitali ya kansa ya Ocean Road. Shida ni kwamba baba mdogo katukataza kabisa kumpa sukari, nyama na maziwa eti vinalisha kansa, kwahiyo mzee anaishi kwa juisi ya mboga na uji mwepesi maana ugali haupiti. Kabla ya kuumwa alikuwa na kilo 62, saizi ana 54. Nesi katuambia habari za kuwekewa mpira puani wa kulishia, mama analia tu anasema ukishaona mpira ujue ndo mwisho. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana na mpe mama pole yangu.

Mi naanza na hizo kilo kwasababu ndo zinanitisha kuliko sukari. Kutoka 62 mpaka 54 ni karibu asilimia 13 ya uzito imeondoka, wakati mgonjwa akipoteza hata asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia tayari tunahesabu ni hatari, maana misuli inaisha, dawa zinamchosha zaidi, na mionzi inaweza kusimamishwa njiani kwa sababu mwili umeshindwa.

Baba mdogo ana nia nzuri lakini kwa hilo sio kweli. Seli zote za mwili zinatumia sukari, za kansa na nzima, na ukimnyima mzee chakula mwili wake unavunja misuli yenyewe utengeneze hiyo hiyo sukari, yaani uvimbe haulali njaa, anayelala njaa ni baba. Kama ana kisukari hapo ni mpango mwingine, mwambieni daktari. Ila nyama, mayai, samaki na maziwa ndo anavihitaji hasa, kwa kilo 54 anatakiwa apate kama gramu 65 mpaka 80 za protini kwa siku na yai moja lina gramu 6 hivi, sasa juisi ya mboga itamfikisha wapi jamani?

Kwavile vigumu havipiti, tafuteni kimea cha ulezi, ule ulezi uliooteshwa ukaanikwa ukasagwa. Pika uji mzito kabisa na maziwa na karanga zilizosagwa laini, epua uache upunguze moto, tia kijiko kimoja cha kimea ukoroge, baada ya dakika kama kumi utaona unalegea wenyewe mpaka unanyweka bila kuongeza maji, urudishe jikoni uchemke kidogo tena, halafu weka sukari na kijiko cha mafuta. Hapo kikombe kimoja kina nguvu nyingi zaidi kuliko huo mwepesi mnaompa. Mpe wa vuguvugu, wa moto unaumiza koo lililochubuliwa na mionzi, na kidogo kidogo kila baada ya masaa mawili, msimwekee bakuli zima akalitazama tu akakata tamaa. Parachichi lililosagwa na maziwa yaliyochemshwa nayo ni nzuri sana, na supu ya samaki iliyosagwa ikachujwa.

Sasa mpira. Mwambie mama taratibu kwamba mpira sio mwisho, unawekwa ili mzee ale wakati koo limevimba na akishaweza kumeza unatolewa, na ni bora uwekwe mapema kuliko kusubiri afike kilo 48. Ukishawekwa, nesi awafundishe mbele yenu kuhakikisha upo mahali pake kabla ya kila mlo. Mlisheni amekaa au ameinuliwa mgongo, abaki hivyo nusu saa, na mpitishe maji safi kabla na baada usizibe.

Baba mdogo msigombane naye, mwende naye kliniki siku ya mionzi mkamuone mtaalamu wa lishe pamoja, amuulize mwenyewe. Kama kuna dawa za miti shamba anazompa mzee zitajeni pia bila kuficha, nyingine zinagongana na matibabu.

Na mkiona hata maji au mate hayapiti, au anakohoa kila akimeza, au ana homa, msisubiri siku ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.